Mashua Iliyopita Singida Ikiwa Mabegani: Historia na Mafunzo kwa Anayetaka Kununua Chombo cha Tanga



Kila mwaka alizeti na vitunguu vikishauzwa, huwa napata maswali ya aina moja kutoka kwa wenzetu wa upande wa Ziwa Kitangiri: "Afisa, nina hela kidogo, nataka kununua mtumbwi au mashua ya tanga. Nianzie wapi?" Wengine hawajawahi kupanda chombo cha majini maishani mwao. Wameona jirani anapata samaki na kitoweo hakikosi, wakaona na wao wajaribu.

Sina ubaya na wazo hilo. Tanga halinywi petroli, na mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza nalo. Lakini leo sitaanza na bei wala aina ya mbao. Nitaanza na historia, kwa sababu historia ya vyombo vya tanga kwenye maziwa yetu imejaa watu waliokuwa na fedha, akili na hata ujuzi wa bahari, lakini wakapata hasara kwa kununua vibaya. Na mmoja wao alipita hapa hapa kwetu Singida, mashua yake ikiwa imebebwa na watu.

Jambo moja naomba ulishike tangu sasa: mwenye chombo hupata faida au hasara yake siku mbili, siku anaponunua na siku anapouza. Na siku ya kuuza huamuliwa na ile ya kununua. Kabla hujatoa shilingi yako jiulize, "Nikichoka na chombo hiki, nani atakichukua, na kwa nini?" Sasa tuone waliotutangulia.

1. Mwaka 1858: jahazi la kuahidiwa

Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kufika bara, watu wa maziwa yetu makubwa walitumia mitumbwi ya makasia. Tanga lilikuja na Waarabu na Waswahili waliokuwa wakifuata pembe za ndovu, na pia kufanya biashara ya watumwa. Walipofika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika walileta maarifa ya pwani: mlingoti mmoja, foromali (ule mti mrefu unaoshikilia tanga) na tanga la pembe tatu.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakitaka kulizunguka ziwa. Mitumbwi ya kukodi ilikuwepo, lakini walitaka jahazi, chombo kikubwa chenye tanga. Wakaambiwa kuna mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, anaishi kisiwa cha Kasenge ng'ambo ya pili, upande ambao leo ni Kongo, naye analo.

Mwezi Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumwona. Alipokelewa vizuri, akala, akapewa maneno mazuri. Jahazi lenyewe halikuwepo, lilikuwa safarini. Akangoja, akapewa ahadi nyingine, mwisho akarudi Ujiji mikono mitupu. Mwezi uliofuata safari ya kwenda kaskazini mwa ziwa ilifanyika kwa mitumbwi ya kukodi, ile ile waliyoidharau mwanzoni.

Fundisho lake ni jepesi kusema na gumu kutekeleza: usifanye mpango juu ya chombo ambacho hujakiona kikiwa majini. Leo hatuvuki ziwa kutafuta jahazi, tunatumiwa picha kwenye simu. Picha ni nzuri, rangi inang'aa, muuzaji anasema, "Tuma nusu ya fedha nikuwekee." Ndugu yangu, picha haionyeshi maji yanayoingia chini. Nenda ukakione chombo, ukiguse, kishushwe majini mbele yako. Kama hakipo, bei yake haipo.

2. Mwaka 1875: Lady Alice yapita Unyaturu

Hii ndiyo habari inayotuhusu sana sisi wa Singida.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alitumwa na magazeti mawili, moja la London na jingine la New York, kuja kukamilisha uchunguzi wa maziwa na mito ya bara. Aliamua kutotegemea chombo cha mtu. Akaagiza mashua Uingereza kwa fundi wa Teddington, karibu na London. Ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani kama mita 12, na upana wa futi 6. Mbao zake zilikuwa nyembamba na nyepesi, na ilitengenezwa kwa vipande ili ibebwe na watu kisha iunganishwe ziwani. Akaiita Lady Alice, jina la msichana aliyemchumbia.

Tatizo la kwanza lilionekana Zanzibar. Vipande vilikuwa vikubwa na vizito kuliko vilivyoagizwa, havikuweza kupita kwenye njia nyembamba za bara. Ikabidi fundi avikate upya. Yaani mashua ilianza kutumia fedha za matengenezo kabla haijaonja maji.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300. Ulipita Ugogo, ukaacha njia ya kawaida ya misafara iendayo Tabora, ukageuka kaskazini kuingia Unyaturu. Ilikuwa Januari 1875, wakati wa masika, njaa na magonjwa yakiwa yameshika msafara. Mwingereza mmoja kijana, Edward Pocock, alifariki katika nchi yetu na kuzikwa huku.

Baada ya siku chache, mahali Stanley alipopaita Vinyata, ulizuka ugomvi kati ya msafara na wenyeji. Mapigano yalichukua siku tatu. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20, na kwa upande wa Wanyaturu vijiji vilichomwa moto na nafaka zao zikachukuliwa. Vitabu vingi vinaisimulia habari hii kwa macho ya mgeni. Mkulima yeyote anayejua maana ya kupoteza ghala la chakula mwezi Januari anaweza kuifikiria kwa macho ya mwenyeji.

Msafara uliendelea ukapita Iramba, ukavuka mbuga kuelekea Usukuma, na tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Karibu nusu ya waliotoka Bagamoyo hawakufika. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Lakini vipande vya mashua vilifika.

Tarehe 8 Machi 1875 Lady Alice iliondoka Kageyi, na miongoni mwa mabaharia wake katika msafara huo alikuwa Uledi, mtu hodari kutoka Zanzibar ambaye sifa zake Stanley mwenyewe aliziandika. Kwa takriban miezi miwili walilizunguka Ziwa Victoria lote. Mwaka 1876 mashua ilibebwa tena hadi Ujiji, ikalizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Kisha ikabebwa kuingia Kongo, ikateremka ule mto mkubwa kuelekea Bahari ya Atlantiki.

Na mwisho wake? Tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, watu walikuwa wamechoka na wana njaa. Wakaipandisha Lady Alice juu ya miamba, wakaiacha hapo. Haikuuzwa, haikurudishwa. Ilibaki ipigwe na jua mpaka ioze.

Tuwe wa haki. Kwa kazi ya Stanley mashua ile ililipa, maana magazeti ndiyo yaliyogharamia na yeye alitafuta habari, hakutafuta kuuza chombo. Wewe hali yako ni nyingine. Fedha ni zako, na ukishindwa utataka kurudisha angalau nusu.

Kwa hiyo fundisho la pili: chombo kinachotoka mbali kina bei mbili, ya kukinunua na ya kukifikisha. Nimesikia watu wa kwetu wanaopanga kununua mashua upande wa Mwanza na kuipakia kwenye Fuso hadi Kitangiri, kwa kuwa "kule ni rahisi". Huenda ni rahisi kweli. Lakini jumlisha gari, wapakiaji, na mbao zitakazolegea kwa mtikisiko wa barabara. Halafu uliza swali kubwa zaidi: chombo kilichoundwa kwa mawimbi ya Ziwa Victoria kina faida gani kwenye ziwa la kina kifupi? Na ukitaka kukiuza, mnunuzi wake yuko Mwanza, siyo hapa. Utalipa Fuso mara ya pili, au utakiacha juu ya miamba kama Stanley.

3. Mwaka 1877: Ukerewe, chombo chenye deni

Kisa hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho ningependa kila mnunuzi akikumbuke anapotia saini.

Stanley alipokuwa Kageyi alimkuta mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, ambaye alikuwa na shughuli ya kuunda jahazi kisiwani Ukerewe. Mtawala wa Ukerewe wakati huo alikuwa Lukonge, na miti ya kisiwani ilikuwa chini ya mamlaka yake.

Mapema mwaka 1877 walifika wamisionari wa Church Missionary Society waliokuwa wakielekea Buganda. Wawili kati yao walikuwa Luteni Shergold Smith, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na O'Neill, mtu wa kazi za ufundi. Walihitaji chombo kikubwa cha kubeba watu na mizigo, wakanunua jahazi kwa Songoro.

Lakini kati ya Songoro na Lukonge kulikuwa na madai, yakiwemo malipo ya mbao zilizoundia jahazi. Wanunuzi wakajikuta katikati ya mgogoro usiokuwa wao. Desemba 1877 mambo yaliharibika. Songoro alikimbilia kambini kwa wamisionari, nao wakakataa kumtoa. Mapigano yakatokea. Smith, O'Neill, Songoro mwenyewe na watu wao wengi waliuawa.

Mwaka uliofuata mmisionari mwingine, fundi mitambo wa Kiskoti Alexander Mackay, alikwenda Ukerewe kuonana na Lukonge bila silaha, wakapatana.

Angalia vizuri hapa. Smith hakuwa mgeni wa maji, alikuwa mwanamaji wa kazi. Kama kujua kuendesha chombo kungetosha kumlinda mnunuzi, yeye angekuwa salama. Kuendesha ni elimu moja, kununua ni nyingine. Lukonge naye, kwa upande wake, alikuwa na hoja ambayo mwenye msitu yeyote angekuwa nayo: mbao zangu zimekwenda, malipo yangu yako wapi?

Siku hizi hatuuani kwa mashua, namshukuru Mungu. Lakini deni bado linafuata chombo. Chombo kinaweza kuwa kimewekwa rehani kwa mchuuzi wa samaki aliyemkopesha muuzaji nyavu. Kinaweza kuwa mali ya kikundi, na anayekuuzia ni mwenyekiti peke yake. Kinaweza kuwa mali ya urithi, na ndugu wanne hawajaambiwa. Kinaweza kuwa kilikamatwa kwa uvuvi haramu na faini haijalipwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa:

- Uliza uongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo ule, wale tunaowaita BMU. Wao wanajua kila chombo na kila ugomvi.
- Ona cheti cha usajili wa chombo na leseni. Jina lililoandikwa liwe la huyo anayekuuzia.
- Uliza fundi aliyekiunda kama alilipwa. Kwenye mwalo fundi hujulikana, na akiwa anadai hatanyamaza.
- Kama ni mali ya familia, mke au mume na ndugu wenye haki wawepo siku ya malipo.
- Andikeni mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji, mashahidi wa pande zote mbili, namba ya usajili, vipimo vya chombo, na orodha ya vinavyokwenda nacho: tanga, kamba, makasia, nanga.

Haya yote yanachukua siku moja. Songoro na wateja wake hawakuipata siku hiyo.

4. Mwaka 1878: Daisy yakaushwa na jua

Wamisionari hao walikuwa na chombo kingine, mashua iliyoitwa Daisy. Nayo, kama Lady Alice, iliundwa Uingereza na kubebwa kwa vipande kutoka pwani. Mackay alipofika Kageyi katikati ya mwaka 1878 aliikuta ufukweni ikiwa imeharibika kwa kukaa bila matunzo. Alitumia muda mwingi kuziba na kuunga kabla haijafaa kwenda majini.

Safari yenyewe haikwenda mbali. Mwezi Agosti dhoruba iliwatupa, yeye na mwenzake Wilson, pwani ya magharibi ya ziwa. Daisy ilivunjika vibaya. Mackay akafanya uamuzi wa fundi wa kweli: alikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba matundu ya sehemu zilizobaki, akaunganisha mbele na nyuma. Kazi hiyo iliwachukua kama wiki nane, wakapata mashua fupi, lakini inayoelea. Novemba walifika Buganda.

Mkulima wa Singida anaelewa jambo hili bila kuelezwa sana, maana jua letu na upepo wetu wa kiangazi tunaujua. Chombo cha mbao kikitolewa majini na kuachwa juani miezi mitatu, mbao husinyaa, maungio hufunguka, kalafati (ile pamba yenye mafuta inayozibia maungio) hukauka na kudondoka. Mchwa humalizia kazi. Mtu anaweza kununua chombo kizuri mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja akawa na kuni.

Unapokagua chombo kilichokaa nchi kavu, fanya hivi:

- Chukua kisu chenye ncha, choma taratibu kwenye mkuku (ule mti wa chini unaobeba chombo chote) na kwenye mataruma, yaani mbavu zake. Kisu kikizama kama kwenye kiazi kilichooza, ondoka.
- Simama nyuma ya chombo, tazama kwa mstari hadi mbele. Kama mgongo umepinda au upande mmoja umelala, ubao mpya hautakisaidia.
- Tafuta michirizi ya kutu. Kila mchirizi ni msumari unaokufa.
- Kishushwe majini kilale usiku mmoja. Mbao kavu huvuja mwanzoni kisha huvimba na kuziba. Lakini asubuhi ya pili kikiwa bado kinajaa, hapo pana kasoro.
- Kunjua tanga lote, liinue kuelekea jua. Matundu yote utayaona. Kitambaa kikichanika kwa kuvutwa na vidole, hesabu bei ya tanga jipya.

5. Ujiji: Calabash, chombo cha hapo hapo

Sasa habari njema kidogo.

Agosti 1878 alifika Ujiji mwanamaji Mwingereza, Edward Coode Hore, akiwa na wamisionari wa London Missionary Society. Alikuwa nahodha mwenye cheti. Angeweza kukaa akisubiri mashua ya chuma kutoka Ulaya, na baadaye kweli ililetwa moja, Morning Star, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Lakini hakusubiri. Alijipatia chombo cha wenyeji, mtumbwi wa gogo, akauongezea alichokijua yeye: mlingoti, matanga na vifaa vingine vya kusafiria. Akauita Calabash, maana yake kibuyu.

Kwa chombo hicho Hore alisafiri sehemu kubwa ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 alifika Mto Lukuga, upande wa magharibi, na kuona maji ya ziwa yakitoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Stanley alifika mahali hapo mwaka 1876 na Lady Alice na hakuyaona yakitoka hivyo, kwa sababu ziwa lilikuwa halijajaa vya kutosha. Kibuyu cha Ujiji kikaona kile ambacho mashua ya Teddington haikukiona. Sababu haikuwa ubora wa chombo. Hore aliishi pale, chombo chake kilikuwa pale, na fundi wa kukitengeneza alikuwa pale, kwa hiyo alifika kwa wakati mwafaka.

Kwa mwanafunzi wa tanga, huu ndio mfano wa kufuata: chukua chombo ambacho watu wa ziwa lile wanakitumia, wanajua kukiunda, wanajua kukiziba. Ongeza kidogo pale unapoona pana haja. Chombo hicho kikiharibika, fundi yuko jirani. Ukitaka kukiuza, wanunuzi ni wale wale wanaokiona kila siku.

6. Turudi kwetu: hesabu kabla ya mnada

Mkoa wetu si wa maji mengi. Singidani na Kindai pale mjini ni maziwa ya chumvi. Ziwa la kuzungumzia uvuvi ni Kitangiri, linalopokea maji ya bonde la Wembere na kuyatoa kwa Mto Sibiti kwenda Eyasi. Kitangiri ni la kina kifupi. Mvua zikiwa nzuri linapanuka, ukame ukija linarudi nyuma na kuacha tope refu kati ya mwalo na maji. Mwenye chombo kikubwa na kizito huumia kwanza. Mwenye chombo chepesi, ambacho watu wanne wanaweza kukivuta, anaendelea na kazi.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako kutokana na bei za mwalo wako:

- Kununua chombo: sh. 1,500,000
- Matengenezo ya kwanza, tanga na kamba: sh. 300,000
- Kalafati na rangi, sh. 150,000 kila mwaka kwa miaka 3: sh. 450,000
- Leseni na ukaguzi, sh. 50,000 kila mwaka kwa miaka 3: sh. 150,000
- Jumla: sh. 2,400,000

Tuseme baada ya miaka 3 umekiuza kwa sh. 900,000. Chombo kimekula sh. 1,500,000, yaani sh. 500,000 kwa mwaka. Kama msimu wako wa kazi ni miezi 5, chombo kinatakiwa kukuletea sh. 100,000 kila mwezi wa msimu ndipo usiwe na hasara, na hapo hujanunua nyavu, hujalipa vibarua, hujala.

Sasa badilisha jambo moja. Tuseme hukukitunza na umekiuza sh. 300,000. Hata ukiondoa sh. 450,000 za kalafati na rangi ambazo hukuzitumia, gharama inapanda hadi sh. 550,000 kwa mwaka. Ile kalafati ya sh. 150,000 uliyoona ni ghali ndiyo iliyokuwa ikilinda bei yako ya kuuzia.

Ndiyo maana namshauri anayeanza: msimu wa kwanza usinunue. Kodi, au ingia kama kibarua kwenye chombo cha mwenzako. Watu wa pwani wana desturi nzuri ya kugawa mapato kwa mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina lao, na watu wana yao. Ukifanya kazi msimu mmoja kwa utaratibu huo utajua fungu la chombo ni kiasi gani kwenye ziwa lako. Hiyo ndiyo tarakimu itakayokuambia ununue au uache. Pia utajifunza upepo. Wahenga wa pwani walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani chombo cha asiye na nguvu hakiwezi kwenda dhidi ya upepo. Unyonge mkubwa wa anayeanza ni kutojua.

7. Siku ya kuuza

Wengi wetu huuza kwa haraka, mtoto amefaulu, mgonjwa yuko hospitali, au maji yamekauka. Anayeuza kwa haraka hupangiwa bei. Kwa hiyo:

Uza mapema kuliko shida. Wakati mzuri ni kabla ya msimu, maji yanapopanda na watu wanatafuta vyombo. Ukingoja ziwa lirudi nyuma, kila mtu anauza na hakuna anayenunua.

Uza kikiwa majini. Chombo kinachoelea kinajieleza. Kilichopinduliwa chini ya mti kinatiliwa shaka hata kama ni kizima.

Weka daftari. Andika kila ulipoziba, ulipobadilisha ubao, na jina la fundi. Mnunuzi akiona daftari hupunguza maneno.

Sema kasoro. Ukisema mwenyewe kwamba ubao wa tatu kushoto unahitaji kubadilishwa, mnunuzi ataamini na mengine uliyosema. Na mkishaandika kasoro kwenye mkataba, hawezi kurudi kukudai.

Hamisha usajili siku hiyo hiyo. Hili wengi hulipuuza. Ukipokea fedha na kuacha chombo kikiwa na jina lako, mnunuzi akikamatwa na kokoro au nyavu haramu, anayetafutwa ni wewe. Nendeni pamoja kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Kama chombo kiko chini ya ukaguzi wa usalama wa TASAC, nyaraka hizo nazo zikabidhiwe. Chombo hakijauzwa mpaka jina limebadilika.

Na jambo la mwisho si la fedha. Usiuze chombo usichoweza kumpandisha mwanao. Kama mkuku umeoza, kivunje, uza misumari na mbao nzima, kubali hasara. Ziwa halisomi mkataba.

Kama uko karibu na Kitangiri na unafikiria kununua msimu huu, pita ofisi ya kata kabla ya kutoa fedha. Njoo na jina la muuzaji, namba ya usajili ya chombo, na ile hesabu yako ya miaka 3. Tutaikagua pamoja na mwenzangu wa uvuvi. Huduma hii haina malipo.